Yule Aliyebaki Wadini

Miezi mitano baada ya maji kumchukua mama yake, Alya binti Thabit aligundua kwamba hana kivuli.

Ilikuwa asubuhi, skuli, mjini Ibra, Oman. Wasichana wamepanga foleni uwanjani, jua limechomoza migongoni mwao, na kila mmoja kivuli chake kimelala mbele yake kwenye saruji, kirefu na chembamba. Alya alitazama chini. Mbele ya miguu yake saruji ilikuwa nyeupe tupu. Alinyanyua mkono, akaushusha. Hakuna kilichosogea. Hakupiga ukelele wala hakumwambia mtu. Kilichomkaa moyoni baadaye, alipokwisha kuingia darasani, ni kwamba hata hakuogopa. Aliliona jambo lile kama mtu anavyoona kwamba chai yake imepoa.

Mambo yenyewe hayakuanza siku ile. Mlango wa vioo wa supamaketi, ule unaofunguka wenyewe mtu akikaribia, ulikuwa umekataa kumfungukia. Alisimama mpaka akaja bwana mmoja na watoto wake, naye akapita nyuma yao. Simu yake iliacha kuutambua uso wake. Mwalimu wa hisabati alimwandika hayupo mara tatu katika wiki moja, na yeye amekaa mstari wa mbele. Akitoka kuoga, nyayo zake hazikuacha maji sakafuni. Chakula hakikuwa na ladha, lakini hilo alilitarajia, maana kila aliyekuja kuhani alimwambia kuwa mfiwa hula ili aishi tu.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake, Thabit, alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa maneno machache, ambaye tangu msiba alizidi kuyapunguza. Bibi yake mzaa baba, Bi Turkiya, alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa mwari, na mpaka leo aliota ndoto zake kwa Kiswahili. Mama yake alikuwa Rosalinda, muuguzi kutoka Ilokos, kaskazini ya Ufilipino. Aliposilimu aliitwa Maryam, lakini Bi Turkiya alimwita Rosa mpaka mwisho, na akamfundisha Kiswahili barazani na jikoni, hata ikawa Rosa ndiye anayemsahihisha bintiye. Alya akisema "kitabu yangu," mama alisema "changu" bila kunyanyua macho kwenye kazi yake.

Mwezi wa kumi na moja mama na binti walikuwa wanarudi kutoka Sur, kumtazama Anti Nenita, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi wa kushona nguo za kike huko. Walipopita Al Kamil mbingu juu yao ilikuwa safi. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, mbali. Barabara ilipoteremka kukata wadi, lile bonde kavu linalopitisha maji mvua ikinyesha milimani, maji yalikuwa ya kufika kifundoni. Mama alisimamisha gari, akangoja. Gari mbili zilivuka mbele yao salama. Basi na yeye akaingia, na walipofika katikati wadi ikashuka kwa mkupuo mmoja, ukuta wa maji ya udongo na magogo.

Alya alikumbuka gari ikibiringika. Alikumbuka mama akimvuta kupitia dirishani, na mkono wa mama ndani ya mkono wake. Baada ya hapo alikumbuka yuko juu ya mkunazi, amelikumbatia tawi, na wanaume wanamrushia kamba. Baina ya mkono na tawi hapakuwa na kitu. Mama alipatikana siku ya pili, akazikwa Ibra. Alya alijua, bila kuambiwa, kwamba ameuachia ule mkono. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Na hakulia hata siku moja.

Bi Turkiya alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba kuna jambo. Alimsomea asubuhi na jioni. Alimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi. Alya alipata usingizi, lakini hakurudi kuwa Alya. Kisha ikaja Jumatano moja, baba akapakua wali, akaweka sahani mbili, yake na ya Bi Turkiya, akakaa. Alya alikuwa amekaa mbele yake. Baba alikula mpaka nusu, akainua kichwa, akamwona, na rangi ikamtoka usoni. Alisimama akaenda kuleta sahani ya tatu. Alipopakua, wali mwingine ulimwagika kwenye mkeka.

Kesho yake alasiri Bi Turkiya akamtumia Anti Nenita salamu aje.

Anti Nenita alifika na mkoba mdogo na mfuko wa samaki wakavu. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye msalaba mdogo shingoni ambao akiingia nyumba ile huuficha ndani ya blauzi kwa adabu, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba aufiche. Alimkumbatia Alya mlangoni, kisha akachungulia nyuma ya bega lake, kama mtu aliyewatarajia wageni wawili.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza.

Alya alisema hana mwenzake. Anti Nenita alimshika mikono, akaigeuza, akaitazama sakafu chini ya miguu yake ambako taa ya sebuleni ilipaswa kuangusha kivuli. Akakaa chini polepole.

Akawaeleza kwa Kiarabu chake cha dukani, na kilipomwishia akaingiza Kiingereza, na Alya akamfasiria bibi. Kwao Ilokos, alisema, mtu ana roho yake ambayo hutoka siku anapokufa, hiyo ni ya Mungu, haina mjadala. Lakini anayo na nyingine, nyepesi, inayotembea pamoja naye, jina lake karkarma. Hii hushtuka. Mtu akipata mshtuko mkubwa, mto ukimzoa au akianguka mtini, yeye huondoka na karkarma hubaki pale pale aliposhtukia. Mwili ukirudi peke yake hupungua siku hadi siku, mpaka watu wa nyumbani husahau kumwekea chakula. Ndiyo maana mama wa Kiilokano, kila anapoondoka mahali na mwanawe, humwita: *Umaykan, dika agbatbati*. Njoo sasa, usibaki nyuma.

Alya aliyajua maneno yale. Mama aliyasema walipotoka kwa watu, walipotoka hospitali, hata kwenye maegesho ya magari. Siku zote alidhani ni kuambiwa afanye haraka.

"Siku ile hapakuwa na mtu wa kukuita," Anti Nenita alisema. "Yuko huko bado. Na wadi ikishuka tena kabla hajaitwa, itamchukua mpaka baharini, na baharini hatumpati."

Tangazo la hali ya hewa lilikuwa limeshatolewa. Mvua ilitarajiwa mkoani Sharqiyah kuanzia Ijumaa jioni.

Thabit alisikiliza yote kutoka mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Mwislamu, na kwamba hatampeleka mwanawe kuabudu mawe. Anti Nenita aliinamisha kichwa. Bi Turkiya aliisimamisha tasbihi vidoleni.

"Hakichinjwi kitu," alisema. "Hakiwekwi chakula, wala haitwi jini. Mnakwenda kumwita mtoto wetu kwa jina lake alilopewa na baba yake. Hilo mie silioni kuwa ni shirki. N'nakuomba, mwanangu, endesha gari."

"Mama, njia ile..."

"Najua. Hujaipita tangu siku ile. Nami n'nakuomba."

Akaenda chumbani kwake, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na gauni la Alya la siku ile, limekauka na udongo wake. Alikuwa hajaweza kulifua wala kulitupa. Anti Nenita alilipokea kwa mikono miwili, akasema ndilo hasa alilolitaka. Akamwagiza bibi jambo moja: wakirudi, yeye asimame mlangoni, na kabla hawajavuka kizingiti aulize kama Alya amekuja.

Waliondoka Ijumaa baada ya sala. Thabit aliendesha bila redio. Walipokaribia Al Kamil alipunguza mwendo, na Alya akaona shati lake limerowa jasho mgongoni ingawa kiyoyozi kinafanya kazi. Ilipokaribia alasiri aliegesha juu, kabla ya mteremko, mbali na nguzo nyekundu na nyeupe za kupimia maji. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yamejibana, meusi, na pepo zilinuka udongo uliorowa. Wadi yenyewe ilikuwa kavu, changarawe na mawe ya duara, na vipande vya plastiki vilivyokwama kwenye vichaka.

Thabit alisema atabaki barabarani kuangalia maji. Hakuweza kushuka. Hilo halikusemwa, lakini Anti Nenita alimgusa mkono alipompita.

Mkunazi ulikuwa hatua mia mbili chini ya barabara, ukingoni, nusu ya mizizi yake iko nje. Alya alimwona yule msichana kabla hawajafika.

Alikuwa amekaa juu ya tawi la chini, miguu inaning'inia. Alivaa gauni lile lile ambalo Anti Nenita amelikunja mkononi, ila lake lilikuwa linatiririka maji, na nywele zake zinatiririka, na chini yake changarawe ilibaki kavu. Mikono yote miwili ililishika tawi mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya mawe, kizima, na kimoja kilikuwa kinatosha wasichana wawili.

"Unamwona?" Anti Nenita aliuliza. Yeye aliona mti tu.

"Namwona."

"Basi simama hapo. Mimi nitamwita, kisha wewe utamwita."

Akalikunjua gauni, akalipunga polepole mbele yake, mara tatu, akaita: *Umaykan, Alya. Dika agbatbati.*

Alya hakuwa amewahi kutambua kwamba sauti ya anti ikinyanyuka inakuwa sauti ya mama. Yule wa mtini alitambua. Aligeuza kichwa kwa kasi, uso ukamng'aa, mkono mmoja ukaachia tawi. Akamtazama Anti Nenita toka juu mpaka chini. Kisha uso ukazimika, na mkono ukarudi pale pale ulipokuwa.

Anti Nenita aliita tena, na tena. Yule msichana hakugeuka. Mbali, milimani, radi ilipiga.

Alya akasogea mpaka chini ya tawi. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja, alikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa inatoka kule juu, inamshukia kama ubaridi wa mlango uliofunguliwa.

"Teremka," alisema. "Twende nyumbani."

"Mama amesema nishike hapa," yule msichana alijibu. Sauti ilikuwa ya Alya, ila imekwaruzika kwa kelele. "Amesema nishike, nisiachie mpaka waje watu."

"Watu walikuja. Zamani."

"Yeye hajaja."

Alya alitaka kusema atakuja. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingeweza hata kumteremsha. Akamtazama yule mtoto aliyekaa miezi mitano ameshika tawi, akaona kwamba akimdanganya atampeleka nyumbani akiwa bado anasubiri.

"Mama amekufa," alisema. Hakuwahi kulisema. "Walimpata siku ya pili, chini, kwenye mitende. Tumemzika Ibra. Bibi ndiye aliyemwosha. Mimi nilikuwepo, sikuhisi kitu, kwa sababu wewe ulikuwa huku." Akavuta pumzi. "Na mimi ndiye niliyemwachia mkono."

Yule msichana alimkazia macho, kama aliyesikia lugha asiyoijua.

"Hukumwachia," alisema. "Mimi nilikuwepo, wewe ulikwisha kwenda. Sikumwachia. Nilimshika mpaka yeye akanibandua. Maji yalikuwa yanatuzoa sote wawili, na tawi halikutosha. Alinibandua kidole kimoja kimoja." Akanyanyua mkono wa kulia, akaonesha. "Hiki kwanza. Kisha hiki. Akaviweka hapa, akavibana juu ya tawi kwa mkono wake. Akasema shika hapa, mwanangu. Alisema kwa Kiswahili. Kisha hakuwepo."

Nyuma ya Alya honi ya gari ikalia, mara moja, ndefu, na sauti ya baba yake ikaja juu yake ikimwita jina. Kutoka juu ya wadi ulisikika mngurumo kama wa malori mengi barabarani. Ulimi mwembamba wa maji ya rangi ya kahawa ulikuwa unakuja kwenye changarawe, unasukuma vijiti na povu mbele yake, bila haraka. Ulipofika miguuni mwa Alya ulikuwa baridi. Kwa miezi mitano maji hayakuwa baridi wala moto kwake.

Anti Nenita alimshika kiuno kumvuta. Alya alikataa. Alinyoosha mkono juu, akasema maneno ya mama yake, taratibu, kama mama alivyokuwa akiyasema kwenye maegesho ya magari, na funguo ziko mkononi.

"*Umaykan, Alya. Dika agbatbati.* Umeshika vya kutosha. Alikwambia mpaka waje watu. Mimi ndiye mtu niliyekuja."

Yule msichana aliviangalia vidole vyake. Akaviachia mwenyewe, kimoja kimoja, akateremka.

Mkono wake ulikuwa umerowa na mzito. Wakakimbia, Alya na mwenzake na Anti Nenita mbele yao, anapunga gauni na kuita kila hatua bila kugeuka. Maji yalifika magotini. Walipoukaribia ukingo, jiwe lilimponyoka Alya chini ya mguu, akaanguka, na akahisi mkono mkubwa umemdaka kifundo cha mkono. Baba yake alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo, nusu ya mwili imening'inia wadini, amevua kilemba, anavuta huku ameuma meno. Walipofika juu hakumwachia. Walikaa chini hivyo hivyo, juu ya lami, wakautazama mkunazi ukiinama, ukajizungusha, ukaondoka na maji.

Alya alipotazama upande wake hakumwona mtu. Juu ya lami, chini ya jua lililobaki baina ya mawingu, vivuli vilikuwa vitatu.

Njia nzima ya kurudi hawakusimama, kwa sababu Anti Nenita alisema wasisimame. Ilipofika Bidiya Alya alianza kutetemeka, na baada ya kutetemeka akaanza kulia. Hakulia kwa sauti ya mtu mzima. Alilia kama mtoto mchanga, mdomo wazi, kamasi zinamtoka. Thabit alitaka kuegesha. Anti Nenita alimkatalia kwa kichwa, naye akaendelea kuendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameupeleka nyuma ya kiti, na Alya ameushika kwa mikono yake miwili.

Maghrib ilikuwa imekwisha kuadhiniwa walipofika. Bi Turkiya alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kanga juu ya nguo ya sala, na ilionekana amesimama hapo muda mrefu.

"Alya amekuja?" aliuliza.

"Amekuja," alisema Anti Nenita.

"Amekuja," alisema Thabit.

Alya alisema, "Shikamoo, Bibi. Nimekuja." Bibi akamwitikia marahaba, akamvuta ndani, na hakuuliza jambo jingine usiku ule.

Watu husema kwamba kilichopotea kikirudi huja na furaha. Kwa Alya hakikuja nayo. Alishikwa na homa siku tatu. Baada ya homa alipata njaa, na baada ya njaa alipata hasira, akavunja kikombe, akamwomba bibi msamaha, akalala mchana kutwa na nguo za mama kifuani. Msiba ambao wenzake wote waliuanza mwezi wa kumi na moja, yeye aliuanza mwezi wa nne, peke yake, wakati watu wa kuhani walikwisha kurudi makwao. Bi Turkiya alikaa naye eda hiyo isiyo na jina. Hakumwambia anyamaze.

Siku ya saba alimweleza baba yake kuhusu vidole. Thabit alisikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viganja juu ya magoti. Alisema kwamba hakumuuliza muda wote ule kwa sababu aliogopa jibu lolote atakalopewa. Kisha akamwomba amsimulie tena tokea mwanzo, na mara ya pili akamwomba amwoneshe ni kidole gani kilichokuwa cha kwanza.

Ijumaa iliyofuata Anti Nenita alikuja tena, wakapiga simu ya video Ilokos. Mama yao Nenita na Rosa, ambaye Alya alimwita Lilang, yaani bibi, alikuwa na miaka themanini na mbili na masikio mazito. Mtu asiyeonekana alikuwa amemshikia simu karibu mno, wakaona paji la uso na jicho moja. Tangu msiba alikuwa ameambiwa kwamba Rosalinda alifariki kwa ajali, basi. Aliuliza jambo moja, na Anti Nenita akalifasiri huku akiitazama sakafu. Aliuliza kama mwanawe alikuwa peke yake alipokufa.

Alya aliisogelea simu. Kiilokano chake kilikuwa kidogo, cha jikoni na cha njiani, hakikutosha habari kama ile. Alimwomba anti asimsaidie mpaka atakapokwama. Kisha akainua mkono wake wa kulia mbele ya kioo cha simu, mahali ambapo bibi yake wa Ilokos angeuona, na akaanza.